Pasi ya Mshonaji: Wati, Mvuke na Maji ya Mombasa

Ukiingia duka la vyombo vya umeme hapa Mombasa ukasema wataka pasi ya kushonea, aghalabu utaelekezwa kwenye ile yenye wati nyingi, matundu mengi na bei ya juu. Muuzaji hana nia mbaya. Anaijua pasi kama chombo cha kunyooshea shati la kazini, na kwa shati la kazini ushauri wake unafaa. Lakini anayekaa kwenye cherehani, awe anashona kanzu za Idi, mapazia, sare za shule, au anaunganisha viraka vya leso kutengeneza mfarishi, anaitumia pasi kwa kazi nyingine kabisa. Asipoijua tofauti hiyo, maneno yaliyochapwa kwenye boksi yatamvuruga, na pesa zake zitakwenda kwenye sifa asizozihitaji.

Anayenyoosha shati huisukuma pasi mbele na nyuma. Shati limeshashonwa, kila kipande kimeshikwa na mwenzake, na hata ukilivuta kidogo litarudi mahali pake. Mshonaji anashika kitambaa ambacho bado hakijashikwa na chochote. Kingo ziko wazi, na vipande vingine vimekatwa mshazari. Hapo ndipo penye hatari. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio zinazokatiza kwa upana. Ukikivuta kufuata mtande, hakiendi mbali. Ukikivuta kwa mshazari, nyuzi zinateleza na kuinamiana, na kitambaa kinarefuka. Sasa weka joto na unyevu juu ya kipande hicho, kisha sukuma. Kitarefuka kikiwa moto, kitapoa kikiwa kimerefuka, na pembetatu uliyoikata vizuri itakuwa na upande mmoja wenye mawimbi ambao hauwezi kulala sawa tena.

Kwa hiyo mshonaji haburuzi pasi, anabonyeza. Anaiweka, anauacha uzito wake ufanye kazi, anaiinua, anaiweka pahala pengine. Jambo hilo moja likishakaa kichwani, karibu maswali yote ya ununuzi yanajijibu.

Tulitazame kwa karibu. Chukua vipande viwili vya leso ya pamba, kila kimoja inchi mbili na nusu kwa mbili na nusu, kimoja cheupe na kingine chekundu kilichoiva. Viweke uso kwa uso, vishone robo inchi kutoka ukingoni. Usivikunjue mara moja. Viweke mezani vile vile vilivyotoka kwenye cherehani, chekundu kikiwa juu, kisha weka pasi juu ya mshono kwa sekunde mbili tatu. Uzi unazama ndani ya kitambaa na mikunjo midogo iliyoletwa na kukazwa kwa uzi inatulia. Viache vipoe. Halafu inua chekundu, kigeuze kwa kidole, na ufuate mstari wa mshono kwa ncha ya pasi, ukibonyeza na kuinua. Ukingo wa ndani utalala upande wa chekundu, kwa hiyo hautaonekana kivuli chake kupitia kitambaa cheupe. Safu inayofuata ilaze kingo zake upande wa pili, ili safu mbili zinapokutana mishono ijibane yenyewe bila kupanda mmoja juu ya mwingine.

Ukikunjua kwa haraka, kando ya mshono kutabaki mkunjo mwembamba ambao jicho halioni. Tuseme unameza moja ya kumi na sita ya inchi. Ni kitu gani hicho? Safu ya viraka 13 ina mishono 12, na 12 mara hiyo ni robo tatu ya inchi. Safu hiyo inatoka fupi kuliko jirani yake, nayo cherehani inalaumiwa bure. Katika gauni kosa kama hilo hufichika. Kwenye pindo kuna nafasi ya kulimeza. Mfarishi wa viraka hauna pa kuficha kitu.

Ndiyo maana nasema mshonaji anahitaji mambo manne kwa pasi yake: uzito wa kutosha, joto lisiloyumba, uso laini ulio bapa kabisa, na ncha kali. Mvuke unakuja baadaye, na kwa wengine hauji kabisa.

Wati si joto

Kosa kubwa zaidi katika kuchagua pasi ni kudhani kwamba ya wati 2,400 ni moto kuliko ya wati 1,000. Si kweli. Kinachoamua joto ni themostati, kile kidude kilicho chini ya kirungu cha kuzungusha. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zilizogandishwa pamoja, na kila metali hutanuka kwa kiasi chake inapopata moto. Kwa kuwa moja hutanuka zaidi ya nyingine, utepe hupinda, na ukipinda vya kutosha hukata umeme. Pasi ikipoa kidogo, utepe hunyooka na umeme hurudi. Ile taa ndogo inayowaka na kuzimika ni utepe huo ukifanya kazi.

Vidoto vilivyo kwenye kirungu, ambavyo utavikuta pia kwenye vibandiko vya nguo, vina maana yake duniani kote. Kidoto kimoja ni joto lisilopita digrii 110 za Selsiasi, viwili ni 150, vitatu ni karibu 200. Pasi ya wati 1,000 na ya wati 2,400 zikiwekwa kwenye vidoto vitatu zinalenga joto lile lile. Kubwa itafika mapema, na baada ya kuguswa na kitambaa baridi itajirudisha haraka zaidi. Sababu hasa ya wati zote hizo ni maji: kuyageuza maji kuwa mvuke hula moto mwingi mno, na pasi ya mvuke isiyo na nguvu ingepoa kila inapotoa pumzi. Ukiondoa maji, wati 1,000 hadi 1,200 zinamtosha mshonaji wa nyumbani. Hata kwa tokeni ni nafuu. Pasi ya wati 1,000 ingekula uniti moja kwa saa kama ingewaka mfululizo, na haiwaki mfululizo. Themostati huizima na kuiwasha muda wote.

Linalostahili kuulizwa zaidi ya wati ni uzito wa bamba la chini. Bamba jepesi hupata moto upesi na kuupoteza upesi, kwa hiyo joto lake hupanda na kushuka sana kati ya kuwaka na kuzimika kwa taa. Bamba nene huuhifadhi moto na kuutoa polepole. Pasi nyingi za kisasa zimepunguzwa uzito ili mkono usichoke kusukuma, na hiyo ni sifa kwa anayenyoosha mashati ya nyumba nzima. Wewe husukumi. Pasi kavu za mtindo wa zamani, zenye kilo moja na nusu au zaidi, bado zinauzwa, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko za mvuke, na kwa maoni yangu ndizo za kwanza kuangaliwa na mtu anayeanza kushona viraka.

Uzito huo huo ndio unaowafanya mafundi na madobi wengi waendelee kuipenda pasi ya makaa, na sicheki hata kidogo. Chuma kile kinene kikishashika moto hakitetereki, mshono unalala kwa mguso mmoja, na stima ikikatika kazi haisimami. Lakini haina themostati. Fundi mzoefu hulipima joto kwa tone la maji na kwa kipande cha kitambaa kibovu kabla ya kuigusisha kazi ya mteja, na ujuzi huo hauji kwa siku moja. Jivu likipeperuka huchafua kitambaa cheupe, na cheche moja hutoboa. Kubwa kuliko yote ni hewa: makaa yanayoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua. Pasi ya makaa iwashwe barazani au uani, na isiachwe chumbani milango ikiwa imefungwa hata kwa muda mfupi.

Sasa joto gani kwa kitambaa gani? Pamba na kitani hustahimili vidoto vitatu. Sufi, yaani kitambaa cha manyoya ya kondoo, na hariri, viwili. Nailoni, kimoja. Poliesta iko kati ya kimoja na viwili, na hapa Mombasa ndiyo inayotusumbua zaidi, maana mabuibui mengi meusi, shifoni za mitandio na satini za harusi ni poliesta. Poliesta huyeyuka ikikaribia digrii 260, lakini huanza kung'aa vibaya mapema zaidi, nyuzi zinapolegea na kubanwa bapa. Ule mng'ao unaouona kwenye mshono wa buibui jeusi lililopigwa pasi upande wa nje hautoki tena. Buibui lipigwe kwa ndani, kwa joto dogo, kukiwa na kitambaa katikati. Madera mengi nayo ni ya reyoni, ambayo inaweza kustahimili joto la wastani lakini hudhoofika inapolowa. Mvuke mwingi pamoja na mkono unaovuta hulirefusha dera upande mmoja.

Ukiwa na masalio usiyoyajua asili yake, chomoa nyuzi mbili tatu uzichome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta na nailoni hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu. Sufi na hariri hunuka nywele zilizoungua. Kipande kimoja cha poliesta kikiingia katikati ya viraka vya pamba, mfarishi mzima utapigwa pasi kwa joto la hicho kimoja, kwa hiyo ni bora kukigundua kabla hakijashonwa.

Mvuke na maji yetu

Pamba hukunjika kwa sababu chembe ndefu zilizomo ndani ya nyuzi zake hushikana kwa viungo dhaifu, na viungo hivyo hushikana upya kila kitambaa kinapokauka, katika umbo lolote kilicho nalo wakati huo. Maji huvilegeza. Joto huharakisha kulegea, kisha hukausha. Uzito hulaza kitambaa katika umbo jipya huku kikikauka. Ndiyo sababu pamba iliyokauka kabisa ni ngumu kupiga pasi, na ndiyo sababu mshono uliobanduliwa mezani ungali moto na unyevu huinuka tena. Acha ukauke na upoe hapo ulipolala.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba kinachohitajika ni unyevu, na unyevu hauna lazima ya kutoka ndani ya pasi. Chupa ya kunyunyizia maji hufanya kazi hiyo kwa pesa kidogo, tena wewe ndiwe unayechagua tone lianguke wapi. Kwa viraka vidogo naiamini chupa kuliko mvuke. Mvuke huingia kila mahali kwa wakati mmoja, hulegeza hata ule ukingo wa mshazari ambao ungetaka ubaki mkavu na mgumu. Wenye kushona viraka wengi hata hukitia kitambaa uwanga kabla ya kukikata ili kisivutike. Uwanga ukauke vizuri kwanza. Ukiwa mbichi hushika kwenye uso wa pasi, huungua na kuacha madoa ya hudhurungi.

Mvuke una kazi zake. Suti ya sufi haishonwi bila mvuke. Mapazia marefu, pindo nene za vikoi, na kitambaa cha gundi kinachogandishwa ndani ya ukosi na kafu, mara nyingi huhitaji mvuke mwingi na uzito pamoja. Anayeshona hayo kila siku asinyimwe pasi ya mvuke. Lakini ajue inavyofanya kazi: maji hudondoka tone kwa tone kutoka kwenye tangi hadi kwenye chumba kilicho juu ya bamba la moto, hugeuka mvuke, hutokea kwenye matundu. Bamba likiwa halijapata moto wa kutosha, maji hutoka kama maji, na doa linabaki kwenye kitambaa. Kwa hiyo mvuke na kidoto kimoja havipatani katika pasi nyingi za kawaida. Utahitaji viwili au zaidi.

Na hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na maelezo ya kwenye boksi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima yanapopita humo huyeyusha chokaa na kuja nayo, na visima vilivyo karibu na bahari huingiwa na chumvi pia. Maji ya bomba hutoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima huko Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na visima vya Tiwi, lakini kila anayeishi hapa ajua kwamba bomba likikauka, mtungi wa lita 20 unaoletwa kwa mkokoteni unaweza kuwa umejazwa popote. Maji hayo yakichemka ndani ya pasi, mvuke huondoka na chokaa hubaki. Hujenga ukoko mweupe kama ule wa birika la chai, huziba matundu, halafu siku moja hubanduka. Utaona punje nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha pini, imetua katikati ya buibui jeusi, na ukiifuta kwa kidole inajipaka na kuwa mstari.

Kuyachemsha maji na kuyaacha yatulie kabla ya kuyatia kwenye pasi husaidia kwa chokaa, kwa kuwa sehemu yake hujitenga na kuganda chini ya sufuria. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha, inazidi kukolea. Kwa hiyo maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yasiingie kwenye pasi kwa hali yoyote. Maji yaliyosafishwa kwa kuvukizwa hayana chokaa wala chumvi, lakini soma kijitabu cha pasi yako, kwani watengenezaji wengine hutaka yachanganywe na ya bomba. Ukiyanunua kwenye duka la vipuri vya magari kwa jina la maji ya betri, hakikisha kabisa ni maji, maana kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa tindikali ya betri katika chupa inayofanana. Maji yanayodondoka kwenye mashine ya kupoza hewa yanaonekana masafi, lakini hubeba vumbi na uchafu wa mashine. Ndimu na siki vinavyosifiwa kwa kung'oa ukoko vinaweza kula sehemu za ndani, kwa hiyo visitiwe isipokuwa kijitabu kimeruhusu. Na ukimaliza kazi, mwaga maji yote pasi ikiwa bado ina moto, isimame wima mpaka ikauke. Kwa unyevu wa hewa yetu, tangi lililoachwa na maji usiku kucha ni kutu inayongoja kuanza.

Kwa anayefanya biashara kuna njia ya tatu, ile inayotumika katika viwanda vya nguo: pasi nzito ya chuma isiyo na tangi, inayopokea maji kwa mpira mwembamba kutoka kwenye chupa iliyotundikwa juu yake. Ndani ya chupa hutiwa chembechembe za kuondoa chokaa, nazo hubadilishwa zikichoka. Inaunganisha uzito wa pasi kavu na mvuke unaoutaka kwa kubonyeza kitufe tu, na huzima mvuke kabisa usipoutaka. Inahitaji pahala pa kudumu na msumari imara wa kutundikia chupa. Kama una kibanda chako na wateja wa kutosha, hiyo ndiyo ningekushauri kuliko pasi yoyote ya nyumbani ya bei kubwa. Vile vifaa vya mkononi vya kupulizia mvuke nguo ikiwa imening'inia havimhusu mshonaji, kwa kuwa havina uzito wa kulaza mshono.

Uso, ncha na umeme

Nyuso za pasi ni za namna chache. Alumini tupu hupata moto sawasawa na ni rahisi, lakini hukwaruzika. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu na husafishika, nami nakipendelea kwa sababu kazi ya kushona ina gundi, uwanga na pini. Zile zilizopakwa Teflon huteleza vizuri na gundi haizing'ang'anii, ila pini moja iliyosahaulika ikipitiwa, huchora mkwaruzo usioponyeka ambao nao utakwaruza hariri. Seramiki huteleza pia, na hupasuka vipande ikiangushwa. Gundi iliyoganda juu ya chuma hutoka kwa kufuta pasi yenye uvuguvugu kwa kitambaa chenye maji na magadi ya kuokea; usitumie waya wa kusugulia sufuria kwenye uso wowote.

Matundu mengi si sifa kwa mwenye viraka. Kona ya kiraka huingia kwenye tundu na kujikunja, na kitambaa cha gundi kilichobonyezwa na uso wenye matundu hushika vizuri mahali pengine na kuacha vijiduara visivyoshika. Uso mzima usio na tundu hauna shida hizo. Ncha iwe nyembamba kiasi cha kuingia kwenye pembe ya ukosi. Mwaka 1871, miaka kumi na moja kabla Henry Seeley wa New York kusajili pasi ya umeme, Mary Florence Potts wa Iowa alisajili pasi yenye ncha pande zote mbili na mpini wa kutoa, na sura hiyo ya ncha mbili bado ingewafaa mafundi.

Kuhusu kujizima yenyewe: pasi nyingi mpya hukata umeme baada ya nusu dakika zikilala bila kuguswa, na baada ya dakika kama nane zikisimama. Ni kinga nzuri nyumbani kwenye watoto. Kwa mshonaji anayerudi kwenye pasi kila baada ya mishono michache, inamaanisha kuikuta baridi mara kwa mara. Ukichagua isiyojizima, weka soketi yenye swichi karibu na mkono, na uizime kila unapoondoka chumbani hata kwa kufungua mlango.

Bandari yetu huleta pasi za mitumba na zawadi za jamaa kutoka kila upande, na ni lazima usome kibandiko. Umeme wa Kenya ni volti 240. Pasi ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na volti zikiwa maradufu nguvu inayovutwa haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Ya wati 1,200 itataka kula karibu wati 4,800. Fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi ikikuokoa, shukuru. Isipokuokoa, pasi itaungua. Za Japani ni za volti 100, mbaya zaidi. Za Uingereza na za Dubai zinapatana na zetu. Vipasi vidogo vya safarini, ambavyo ni vizuri sana kwa viraka, mara nyingine vina swichi ya volti mbili, na swichi hiyo iangaliwe kabla ya plagi kuingia ukutani.

Pasi ya wati 2,400 huvuta ampea 10. Ekstensheni nyembamba iliyozongwa kwenye gurudumu lake haiwezi kubeba hizo kwa muda mrefu. Hupata moto ndani ya mafundo na plastiki huyeyuka. Kunjua waya wote, au bora zaidi, chomeka ukutani. Plagi iwe na pini tatu na waya wa ardhi, na pini zikishika kutu ya hewa ya bahari zisafishwe au plagi ibadilishwe, kwa kuwa pini chafu hupata moto.

Pesa ulizookoa kwa kutonunua matundu na wati, zitie chini ya pasi. Mbao pana za kunyooshea zenye sponji laini hudidimiza mshono na kuupinda. Meza imara yenye blanketi la sufi lililokunjwa mara mbili na kufunikwa shuka la pamba lililokazwa ni bora: sufi hushika joto na kulirudisha kwa chini, mshono ukapigwa pande zote mbili. Tafuta kipande cha merikani, ukifue mpaka uwanga utoke, kiwe ndicho cha kuweka kati ya pasi na kitambaa. Na muombe seremala kipande cha mbao ngumu isiyotiwa vanishi, urefu wa kiganja na nusu, kingo zimelainishwa. Ukishabonyeza mshono mnene kwa pasi na unyevu, ondoa pasi, kandamiza mbao hiyo mara moja na uishike mpaka mshono upoe. Mbao hunyonya unyevu na kubana joto, na mshono wa kikoi hutoka bapa kuliko unavyoweza kuupata kwa mvuke peke yake.

Dukani, nenda na kipande cha pamba na rula ya chuma. Geuza pasi, weka ukingo wa rula juu ya uso wake na utazame kama mwanga unapita kati. Uso uliobinuka hauna dawa. Pitisha ukucha kuzunguka ncha na matundu usikie kama pana makali ya kunasa uzi. Ishike kama utakavyoishika kazini, uinue na uiweke mara kadhaa, kwa sababu mkono wako ndio utakaobeba uzito huo siku nzima. Kisha omba ichomekwe. Taa iwake, izimike, iwake tena. Isipozimika, themostati ni mbovu. Kama ni ya mvuke, itiwe maji, ipate moto wa vidoto viwili, ilazwe juu ya kipande chako, na kipande kiangaliwe kama kina tone. Chukua risiti yenye mhuri na karatasi ya dhamana iliyojazwa tarehe. Duka likikataa kuichomeka mbele yako, nenda la pili.